Kabla ya kuweka kahawa kabatini: mambo ya kuzingatia ili isichuje mapema

Ukitaja kuhifadhi kahawa, wengi huuliza kwanza ni kopo gani linafaa. Kopo lina nafasi yake na tutalifikia, ila kahawa nyingi huchuja, yaani hupoteza ladha, kwa sababu iliyotangulia kopo: ilinunuliwa nyingi kuliko inavyonyweka. Ladha ikishatoka hairudi, na chombo kizuri kuliko vyote kazi yake ni kuchelewesha tu. Kwa hiyo anza na hesabu ya matumizi. Kikombe cha robo lita hutaka gramu 15 hivi za kahawa, kwa hiyo pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe 16. Anayekunywa viwili kwa siku ataimaliza kwa siku nane. Mtu huyohuyo akinunua kilo nzima atakaa nayo zaidi ya mwezi, na siku za mwishomwisho atakuwa anakunywa maji machungu yenye rangi ya kahawa. Bei ya jumla inavutia, lakini kwa kahawa ni unafuu wa mashaka.

Ukishajua kiasi, tazama tarehe. Pakiti nyingi huonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo aghalabu huwekwa miezi mingi mbele na haisemi lolote kuhusu lini kahawa ilikaangwa. Inayokusaidia ni tarehe ya kukaangwa. Punje nzima zilizofungwa vizuri huwa katika ubora wake kuanzia siku chache baada ya kukaangwa mpaka wiki tatu au nne hivi. Nimesema siku chache baada, si siku ileile, kwa sababu punje zikikaangwa hubaki na kaboni dayoksaidi ndani yake na huitoa polepole. Kahawa iliyotoka kukaangwa sasa hivi husumbua hasa kwenye mashine ya espreso, maana gesi hiyo huzuia maji kupenya sawasawa. Kile kitundu kidogo kwenye pakiti nzuri ni valvu: gesi inatoka, hewa ya nje haiingii. Kahawa iliyotoka tu kikaangoni ukiifunga kwenye mfuko usiopumua, mfuko hufura na unaweza kupasuka.

Halafu amua: nzima au iliyosagwa? Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mimi ningenunua mashine ndogo ya mkono ya kusagia na kuliacha kopo la bei mbaya dukani. Punje nzima hujilinda yenyewe kwa kiasi fulani. Ukiisaga, sehemu inayoguswa na hewa huongezeka mara nyingi mno, oksijeni hushambulia mafuta na vitu vinavyobeba harufu, na gesi iliyokuwa kama kinga ndani ya punje hutoka karibu yote kwa muda mfupi. Tofauti huanza kuonekana ndani ya saa, si wiki. Asiye na mashine anunue iliyosagwa kwa matumizi ya wiki moja, au amwombe muuzaji amsagie kidogokidogo.

Sasa kopo. Liwe na mfuniko unaobana kweli, wenye mpira, na lisipitishe mwanga. La kioo halina ubaya iwapo litakaa ndani ya kabati lenye giza; juu ya meza, mbele ya dirisha, ni pambo tu. Ukubwa nao una maana kuliko watu wanavyodhani. Kopo kubwa lenye kahawa robo limejaa hewa robo tatu, na kila ukifungua unaingiza nyingine mpya. Bora makopo mawili madogo: moja la kila siku na jingine lisiloguswa mpaka la kwanza liishe. Chombo cha plastiki kilichowahi kuwekwa vitunguu au viungo usikithubutu, kwa kuwa kahawa hufyonza harufu haraka. Na kama pakiti yenyewe ina valvu na zipu nzuri, huna haja ya kuihamisha kahawa: kamua hewa, kunja juu, bana, kisha itumbukize pakiti nzima kwenye kopo. Iliyokuja kwenye mfuko wa karatasi tu ihamishwe siku hiyohiyo.

Kopo likae mahali pakavu, penye baridi kiasi, mbali na jiko. Juu ya friji panaonekana pazuri, lakini friji nyingi hutoa joto kwa nyuma na juu. Kabati lililo juu ya birika linalochemka kila asubuhi hupata mvuke.

Ndani ya friji je? Hapana. Friji ina unyevu na imejaa harufu za vyakula, na kila unapotoa kopo baridi na kulifungua kwenye hewa ya joto, matone madogo ya maji hujikusanya juu ya kahawa. Ukirudia hivyo kila siku, umeinywesha maji kabla hujaipika.

Friza ni habari nyingine. Inafanya kazi vizuri sana, ila kwa mwenye nidhamu. Gawa kahawa ya punje nzima katika mafungu ya siku chache au ya wiki moja, kila fungu kwenye mfuko wake mzito uliokamuliwa hewa, na uandike tarehe juu. Fungu likitoka, liache limefungwa mpaka lifikie joto la chumba, ndipo ufungue. Ukilifungua likiwa la baridi, maji ya hewani yataganda juu ya punje. Likishafunguliwa lisirudi. Kwa utaratibu huu kahawa hukaa miezi kadhaa bila kupoteza mengi. Anayejijua kuwa atakuwa anachota kidogokidogo kutoka mfuko mmoja mkubwa aachane na friza kabisa.

Kabla ya kujaza kopo upya, lioshe kwa sabuni na likauke hasa. Mafuta ya kahawa hubaki kwenye kuta, huchacha, na harufu yake huambukiza kahawa mpya. Kumimina mpya juu ya mabaki ya zamani ni kosa hilohilo. Kahawa iliyokaangwa sana, ile nyeusi inayong'aa mafuta, inahitaji uangalifu zaidi, kwani punje zake zina matundu mengi na mafuta yake yako nje tayari. Huchuja mapema kuliko ya rangi ya kahawia hafifu.

Kahawa mbichi, buni isiyokaangwa, huvumilia miezi mingi mahali pakavu penye hewa ya kutosha. Ya unga inayoyeyuka hukaa muda mrefu pia, adui yake ni unyevu tu: kijiko kikavu, mfuniko ufungwe mara moja.

Ukitaka kujua hali ya kahawa uliyonayo, isage, mimina maji ya moto kidogo juu yake na utazame. Iliyo hai huumuka na kutoa povu. Iliyochoka hulala chini kimya. Iliyochuja haina madhara, ni ladha tu imekwenda, na unaweza kuimaliza kwa kupika na maziwa au viungo. Yenye ukungu, au yenye harufu ya chumba chenye unyevu, itupwe yote, hata kama madoa umeyaona kwenye punje chache tu.