SOMO: Namna ya kupunguza kelele darasa la awali bila kumaliza sauti yako

Walimu wenzangu wa awali, salama? Leo tuongee kelele maana hii kitu ndo inatumaliza. Inafika saa nne asubuhi koo limeshakauka, kichwa kinagonga, na bado hata uji haujanyweka. Mi nafundisha shule ya serikali, darasa la bati halina dari, chini simenti, watoto wengi kuliko mikeka, kwahiyo nnachoandika hapa kinafanyika hata kama shule yako haina hela.

Kwanza tuelewane, hatutafuti darasa la kimya. Mtoto wa miaka mitano anajifunza kwa mdomo, akipanga vizibo vya soda anahesabu kwa sauti, akibishana na mwenzie nani awe muuza duka na nani awe mteja hapo ndo lugha inakua. Kelele ya hivyo iacheni. Kelele inayotuumiza ni ile ya mtoto asiye na kazi, na kwa nnavyoona mimi sehemu kubwa ya hizo kelele inatokana na KUSUBIRI. Anasubiri penseli, anasubiri zamu ya kunawa, anasubiri mwalimu amalize kusahihisha madaftari ya wenzie. Sisi tunamwita mtukutu kumbe tumemuweka tu hana cha kufanya.

HATUA YA 1: Sikiliza kabla hujarekebisha
Chukua wiki moja, andika kwenye karatasi ni mda gani kelele zinapanda na watoto walikua wanafanya nini. Usiandike majina ya watoto, andika tukio. Utashangaa, mara nyingi ni yale yale, kutoka mkekani kwenda mezani, kugawa vifaa, kunawa, kusubiri mzazi saa ya kuondoka. Kama simu yako ina apu ya kupima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) itumie ila usiiamini sana, inakupa picha tu. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilishauri kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35, sisi wenye shule karibu na barabara na mashine ya kusaga hapo hatufiki, lakini inaonyesha mtoto anahitaji utulivu kiasi gani ili asikie maneno vizuri. Na mtoto mdogo anahitaji kuliko sisi, maana mtu mzima asiposikia neno anajazia mwenyewe, mtoto ambae ndo kwanza anajifunza hilo neno atajazia na nini?

HATUA YA 2: Shughulikia chumba
Ukuta wa simenti, sakafu ya simenti, bati juu, hivyo vyote vinarudisha sauti, kwahiyo kelele ya mtoto mmoja unaisikia mara mbili tatu. Tafuta vitu laini. Mikeka, zulia kuukuu, vitenge au khanga zilizochakaa zining'inizwe ukutani ziache nafasi kidogo na ukuta, mito ya kushona iliyojazwa vitambaa kona ya vitabu. Miguu ya viti na meza ivalishe vipande vya mpira wa tyubu au kandambili za zamani, funga vizuri kwa kamba. Hiki kitu ni kidogo ila ule mkwaruzo wa viti vya watoto arobaini ukiisha utasikia mwenyewe tofauti. Afu panga kona zako, vitalu vya mbao na ngoma viwe upande mmoja, vitabu na kuchora upande wa mbali, ikiwezekana ngoma zitoke nje kabisa.

HATUA YA 3: Shusha sauti YAKO
Hii ndo ngumu kwetu. Kuna daktari Mfaransa, Étienne Lombard, mwaka 1911 alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti bila kujijua. Sasa fikiria, watoto wakipandisha na wewe unapandisha, na wao wanakusikia umepanda wanapanda tena, mpaka mnafika juu kabisa na hakuna anaesikilizana. Wa kushuka kwanza ni mwalimu. Badala ya kupaza sauti, SOGEA. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ile ile inamfikia mtoto na nguvu zaidi, kwenye uwazi inaongezeka kama desibeli 6 bila kutumia nguvu yoyote. Nenda mpaka kwenye grupu, chuchumaa, waangalie machoni, sema taratibu. Usitoe maelekezo ukiwa ubaoni kwa mtoto aliye mlangoni.

HATUA YA 4: Ishara moja tu
Chagua kitu kimoja, kayamba, njuga, kengele ndogo, au mkono juu. Hicho kinamaanisha kitu kimoja tu: mikono itulie, macho kwa mwalimu. Usikitumie kuita watu kwenye uji wala kumaliza kipindi, kikiwa na kazi tatu kinakufa. Kifundisheni kama mchezo, waache wapige kelele zote walizonazo, tikisa kayamba, wote kimya, tena, tena, wataomba wenyewe mrudie. Na ukishatikisa SUBIRI, usianze kuongea wakati wawili bado wanaongea, ukifanya hivyo umewafundisha kwamba ishara haina maana. Kwa mda wa hadithi hatuhitaji hata kayamba, ukisema paukwa nao wakaitika pakawa tayari umewapata, ila hakikisha hadithi inaanza hapo hapo.

HATUA YA 5: Wafundishe sauti tatu
"Acheni kelele" haimwambii mtoto afanye nini. Mi nimechora picha tatu, sisimizi ni kunong'ona, paka ni sauti ya kuongea na jirani, simba ni sauti ya uwanjani. Kabla ya kila kazi naonyesha picha, "sasa hivi tunaongea kama nani?" wao wanajibu. Simba asikosekane kwenye ratiba jamani! Mtoto ambae hajaunguruma wala kukimbia uwanjani hawezi kukaa mkekani akatulia, mtoe kwanza.

HATUA YA 6: Ua kusubiri
Hapa ndo pana faida kubwa, mkifanya hii moja tu bado mtaona mabadiliko. Vifaa viwe vimeshagawiwa kwenye makopo ya kila meza kabla watoto hawajaingia. Kunawa waende kwa makundi ya rangi, nyekundu wanatoka, wengine wanaendelea na kazi, nyekundu wakirudi bluu wanatoka, sio darasa zima kwenye ndoo moja ya bomba. Anayemaliza mapema awe anajua aende wapi bila kukuuliza. Foleni ikiwa haikwepeki wape kazi ya kufanya kwenye foleni, kitendawili, kuhesabu hatua, kutafuta vitu vyenye umbo la duara. Na mkekani msikae sana, dakika kumi mpaka kumi na tano zinatosha, ukiona wameanza kuvutana nguo mda umekwisha, simamisha watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwl wa Geita: Asante kwa somo madam. Mimi wako 80 na niko peke yangu, hizo rangi na makundi ntaziwezaje?
Jibu: Pole sana mwenzangu, hilo ni zito na sio kosa lako, maana kiwango chenyewe cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Anza na kugawa mara mbili, nusu nje chini ya mti na nusu ndani. Hapo unahitaji mtu mzima wa pili, hata mzazi mmoja kwa zamu, ongea na mwalimu mkuu alipeleke kwenye kamati ya shule. Usimkabidhi mtoto wa darasa la nne watoto arobaini, sio haki kwake wala kwao. Kama hakuna mtu kabisa, basi wote nje asubuhi, bora uwanja kuliko chumba kinachorudisha sauti.

Mama Junia: Nimesikia trei za mayai zikibandikwa ukutani zinazuia kelele, ni kweli?
Jibu: Zinasaidia kidogo mno dada, hazizuii sauti kutoka wala kuingia, na zinashika vumbi na moto haraka. Darasani kwa watoto hapana. Bora vitambaa vizito na mikeka.

Tichaa Salim: Mvua ikipiga kwenye bati inakuaje?
Jibu: Usishindane nayo, utaumia bure. Uwe na boksi la mvua, udongo wa kufinyangia, kuchora, kutunga shanga, mafumbo ya picha, na maelekezo kwa ishara za mikono. Hadithi isubiri. Shule ikipata hela, dari inapunguza sana.

Mwl wa chekechea Mombasa: Kuna mtoto mmoja hapa sauti yake ni ya juu siku zote, kumwambia tumemwambia mpaka tumechoka.
Jibu: Muulize mama yake kuhusu masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anapaza sauti, anaomba urudie, anaangalia wenzie ndo afuate. Akiwa na mafua ya mara kwa mara au sikio linatoa usaha aende kituo cha afya mapema. Wakati huo mkalishe mbele karibu na wewe. Na pia angalia lugha, kama nyumbani hawaongei Kiswahili pengine kwenye hadithi haelewi, anajitafutia shughuli, mtafsirie maneno machache au mpe picha ashike.

Anko Deo: Mbona fimbo inanyamazisha kwa dakika moja tu na mambo yanaisha?
Jibu: Kinachonyamazisha hapo ni woga, kaka. Mtoto anaeogopa haulizi, hasemi anataka kwenda chooni, hasemi anaumwa, na kesho kelele ziko pale pale maana kilichozisababisha hujakigusa. Kwenye awali sikubaliani nayo kabisa, wala kumziba mtoto mdomo kwa gundi ya karatasi kama wengine wanavyofanya, huo ni ukatili.

Mwl Rehema: Sauti yangu imekwaruza tangu mwezi uliopita, nanong'ona tu nipumzishe koo.
Jibu: Kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha koo, ongea kwa sauti ya kawaida ya chini na kidogo. Kunywa maji mara kwa mara, acha kukohoa kwa makusudi kusafisha koo. Ila ikipita wiki tatu bila kupona sio ya kuvumilia, na ya kwako imeshapita, nenda hospitali waangalie koo, walimu wengi wanapata vinundu kwenye nyuzi za sauti na vikiwahiwa vinatibika. Wiki hii tumia kayamba na mkono juu, nyimbo waanzishe watoto wenyewe.