Kupima njia ya pua kwa mtu anayepumulia mdomo

Mtoto kukaa mdomo wazi si ushahidi kwamba pua yake imeziba. Meno ya juu yaliyotokeza, mdomo wa juu mfupi, au mazoea yaliyobaki baada ya mafua ya muda mrefu, yote hayo huzuia midomo isikutane hata kama pua inapitisha hewa vizuri. Kwa hiyo pima pua kwanza, kabla mtoto hajapangiwa kuondolewa nyama za pua, yaani adenoidi zilizo nyuma ya pua.

Mwenye mafua mapya arudi akishapona. Wengine wapenge makamasi, kisha wakae wima ndani ya chumba dakika 20. Aliyepanda kilima kwa haraka pua yake huwa imefunguka kuliko kawaida, na aliyetoka kulala huwa imejaa. Ukimpima papo hapo utakuwa umepima safari au usingizi wake.

Anza na kioo bapa cha mkononi. Kishike kikiwa kimelala chini ya pua, kimegusa mdomo wa juu, naye apumue taratibu midomo ikiwa imefungwa, bila kupuliza. Ukungu utatokea sehemu mbili, kulia na kushoto. Zungushia kingo zake kalamu upesi, kisha pima upana kwa rula. Hapa hali ya hewa huharibu vipimo vingi. Mjini Moshi mchana wa Februari, joto likipita nyuzi 30, kioo hukaribia joto la pumzi yenyewe na ukungu hauonekani hata kwa pua nzima. Kitie kwenye maji baridi, kikaushe kabisa, ndipo upime. Arusha asubuhi ya Julai kioo ni baridi mno, ukungu hutanda mpana na kukawia. Basi linganisha tundu moja na jingine kwa pumzi ileile. Usilinganishe alama ya leo na ya mwezi uliopita.

Tofauti ya pande mbili peke yake isikutishe. Kwa watu wengi pua hupokezana: upande mmoja huvimba kidogo huku mwingine ukifunguka, na baada ya saa kadhaa hubadilishana. Kinachohesabika ni jumla ya pande zote mbili.

Kwa mtoto mkubwa anayeelewa maelekezo, mpe kijiko kimoja cha chakula cha maji, mililita 15, ayashike mdomoni bila kumeza kwa dakika 3. Akiweza bila kuhangaika, pua inamtosha akiwa ametulia. Mtoto mdogo usimfanyie hivi, anaweza kupaliwa.

Kipo pia kifaa cha mkononi chenye barakoa kinachopima kasi ya juu ya hewa inayovutwa puani, kwa lita kwa dakika. Atoe pumzi yote, afunge midomo, avute kwa nguvu mara moja. Rudia mara tatu, chukua kubwa. Majibu yakipishana sana, mara nyingi barakoa inavuja shavuni au mtu hajajitahidi. Tazama pia mbawa za pua: zikinyonywa ndani anapovuta, kasoro ipo mlangoni mwa pua, wala si kwenye nyama za nyuma.

Kipimo chenye uzito zaidi ni rinomanometria, inayopima msukumo na mtiririko wa hewa kwa pamoja. Tundu moja huzibwa kwa plasta yenye mrija wa kupima msukumo, mgonjwa apumue kwa jingine ndani ya barakoa. Msukumo ukifika paskali 150, gawanya 150 kwa mtiririko wa sentimita za ujazo kwa sekunde; jibu ndilo ukinzani wa upande huo. Upande mmoja ukitoa 0.5 na mwingine 1.0, jumla haiwi 1.5, kwa kuwa hewa hupita njia mbili sambamba: 1/0.5 ni 2, 1/1.0 ni 1, jumla 3, na 1/3 ni 0.33. Kwa mtu mzima, kuvuka 0.3 huhesabiwa kuwa pua iliyobana. Watoto wana pua ndogo na ukinzani mkubwa zaidi, kwa hiyo usiwapime kwa kiwango hicho.

Sasa rudia kipimo baada ya dawa ya kufungua pua. Xylometazoline ya 0.05% ni ya watoto wa miaka 2 hadi 11, ya 0.1% ni kuanzia miaka 12; mwenye shinikizo la damu aamuliwe na daktari. Subiri dakika 15. Pua ikifunguka sana, tatizo ni uvimbe wa utando wa ndani ya pua, mara nyingi aleji ya vumbi. Isipobadilika, tafuta ukuta wa pua uliopinda, polipu (kinyama laini kinachoota ndani ya pua) au nyama za nyuma. Ikiwa ilikuwa wazi tangu mwanzo, mpeleke kwa daktari wa meno akague midomo na taya. Dawa hii ni ya kupimia. Ikitumika kila siku kwa wiki kadhaa, yenyewe huzibisha pua.

Picha ya eksirei ya kichwa kwa upande, ya kutazama nyama za nyuma, ipigwe mtoto akiwa mtulivu, amefunga mdomo, anavuta hewa kwa pua. Akilia, kaakaa laini hupanda na njia huonekana nyembamba kuliko ilivyo.

Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini asisubiri vipimo hivi. Apelekwe moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo. Barua ya rufaa kwenda KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, iandikwe namba za pande zote, kabla na baada ya dawa, pamoja na saa ya kupima.