Sabufa Haishiki Simu kwa Bluetooth? Anzia Hapa

Kwenye saluni na vibanda vya Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, tatizo kubwa huwa si ubovu. Sabufa nyingi hukumbuka simu iliyoungana nazo mwisho. Ukiiwasha, inajiunga na simu ya mwenzako iliyo chumba cha pili, nawe huipati. Kwa hiyo kwanza zima Bluetooth kwenye simu zote zilizowahi kuungana nayo, kisha jaribu yako.

Bado inagoma? Ingia Mipangilio, Bluetooth, gusa jina la sabufa na uliondoe kabisa. Zima sabufa, chomoa waya wa umeme sekunde 30, washa tena, kisha bonyeza kitufe cha modi hadi ifike Bluetooth. Kwa spika ndogo na visikilizi, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuunganisha sekunde kama 5 hadi taa imweke haraka haraka. Watu wengi huruka hatua hii: taa isipomweka hivyo, mara nyingi simu mpya haitaiona hata ukitafuta mchana kutwa.

Ikiungana lakini sauti inakatika, sogea. Umbali wa kawaida ni mita 10 penye uwazi, na mwili wa mtu, ukuta mnene au mlango wa bati huupunguza sana. Wi-Fi ya 2.4 GHz nayo hutumia masafa yaleyale, basi usiweke ruta juu ya sabufa. Betri ya spika ikikaribia kuisha, sauti hukatika vilevile.

Kuweka upya mipangilio ya mtandao kwenye simu iwe hatua ya mwisho, maana hufuta nywila zote za Wi-Fi. Ziandike kwanza.