Kuvua besi mtoni peke yako majani yakianza kudondoka, navyofanya mimi hapa Juniata

Wengi Oktoba ikiingia wanarudisha fimbo stoo, mi ndo natoa yangu. Niko Pennsylvania, mto wangu ni Juniata, ule unaoingia Susquehanna karibu na Duncannon, na ninayemfuata ni samaki anayeitwa besi wa mdomo mdogo. Waliokaa Naivasha wanamjua ndugu yake wa mdomo mkubwa, alipelekwa kule miaka ya 1920 kutoka huku Marekani. Huyu wangu anapenda mawe na maji yanayotembea, ana rangi ya shaba na jicho jekundu, na akinasa anaruka juu mpaka unamwona mzima mzima.

Hatua ya 1: angalia maji kabla hujawasha gari. USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito, wana kipimo cha maji pale Newport, unakisoma kwenye simu bure. Mto ukiwa umepanda nusu futi toka jana na bado unapanda, siendi. Leseni ni lazima kuanzia miaka 16, na soma kanuni za kipande chako kila mwaka, maana 2011 sehemu ndefu ya Susquehanna na Juniata ya chini iliwekewa sheria ya kuvua na kuachia hapo hapo, baada ya besi wachanga kuugua na kufa miaka kadhaa.

Hatua ya 2: vaa. Weda, ile suruali isiyopitisha maji inayopanda hadi kifuani, na juu yake mkanda, ukaze kweli, ukianguka maji yasijae miguuni. Viatu vyenye njumu. Simu kwenye kimfuko kisichoingiza maji, shingoni, usiiache garini. Na mtumie mtu meseji umepaki wapi na unatoka saa ngapi, mi namtumia mke wangu na nikitoka namtumia tena.

Hatua ya 3: kutembea. Hapa nawaomba msome taratibu. Yale mawe yana utelezi kama bamia, kwa hiyo usinyanyue mguu kama uko barabarani, uburute, upapase, jiwe likikubali ndo uhamishe uzito, alafu mguu wa pili. Kaa ubavu kwa mkondo, usiupe kifua wala mgongo. Shika mkongojo upande maji yanakotoka. Maji yakifika juu ya paja na yanasukuma, rudi, hata kama samaki unawaona wanaruka ng'ambo. Mwaka juzi jiwe lilizunguka chini ya mguu wangu nikaenda na maji kama mita 20 hivi, kilichonisaidia ni ule mkanda na kulala chali miguu ikitangulia, sikujaribu kusimama mpaka nikafika maji ya magotini, maana ukisimama kwenye kasi mguu unaweza kunasa katikati ya mawe na mkondo ukakulaza kifudifudi. Nilitoka natetemeka, nikaenda garini moja kwa moja kubadilisha nguo. Weka nguo kavu garini jamani.

Hatua ya 4: mtafute alipohamia. Kiangazi yuko kwenye maji ya kasi, lakini joto la maji likishuka kutoka nyuzi 15 za Selsiasi kuelekea 10 anaanza kusogea kwenye vina, maji ya polepole, nyuma ya mawe makubwa. Tafuta ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na yaliyotulia, tupa hapo.

Hatua ya 5: chambo kiguse chini. Natumia tyubu, chambo bandia laini cha plastiki cha kahawia, inchi 3 na nusu, yenye kichwa cha risasi cha gramu 4 mpaka 7, mshipi wenye nguvu ya kubeba ratili 8. Inafanana na krefishi, yule kamba wa maji baridi mwenye koleo, ndo chakula chake kikubwa. Tupa kuelekea juu ya mto kidogo, acha izame, usivute mpaka usikie tik ya jiwe, inua ncha ya fimbo kidogo, acha tena. Hesabu mpaka tano. Wengi wanavuta haraka kama bado Julai. Akila mara nyingi hasikiki, mshipi tu unakuwa mzito au unaanza kwenda pembeni, hapo kaza. Siku ya upepo utanasa majani mpaka uchoke, vumilia au hamia upande wenye miti michache.

Hatua ya 6: lowesha mikono kwanza, mikono mikavu inamtoa ute. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, toa ndoana ukiwa umemshikilia majini. Chungulia kooni, mara nyingine utaona ndevu za krefishi zimechomoza, ameshiba na bado amekula chambo chako! Muelekeze kichwa kule maji yanakotoka, subiri apige mkia mwenyewe.

Kutoka: huku Marekani saa zikisharudishwa nyuma kwa saa moja mwanzoni mwa Novemba jua linazama kama saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mi saa kumi naanza kurudi ukingoni, bado nayaona mawe.