Gasketi ya hedi kwa Land Rover ya zamani

Wenzangu wa Arusha mnaotunza Land Rover za Series, kabla hujanunua gasketi ya hedi, kagua kwanza hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku (mwili wa injini), ambazo gasketi hiyo huziba katikati yake. Weka rula ya chuma iliyonyooka, pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake kwa urefu na kwa mshazari. Hedi ikiwa imepinda, ipeleke ikachongwe, kwa sababu hakuna gasketi itakayoziba upindaji huo.

Kwa bloku ya chuma ya miaka ya 1960, mimi nachagua gasketi ya mchanganyiko, ile laini kidogo, inayojaza mikwaruzo midogo. Ya chuma tupu yenye tabaka nyingi inataka uso uliochongwa laini sana. Ukikuta kwenye stoo gasketi ya kizamani ya shaba yenye asbesto, iache. Na ile kuukuu unayoitoa usiikwangue ikiwa kavu wala kuipuliza kwa upepo. Vumbi la asbesto linaua mapafu.

Sasa silikoni, ile gundi ya kuzibia. Tafadhali, usiipake kwenye gasketi ya hedi! Ikibanwa inachuruzika hadi kwenye njia za maji na kuziziba. Gasketi nyingi za mchanganyiko hufungwa kavu, uso ukiwa safi bila oili.

Kausha matundu ya bolti pia, maana maji au oili iliyonaswa chini inaweza kupasua bloku. Kaza bolti kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo.