Ukifika Guangzhou, anza na mlinzi wa getini

Kila mwezi wa nne na wa kumi, Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara hapa Guangzhou, China, yanapofunguliwa, simu yangu hujaa sauti za watu wa Kariakoo wenye maswali yaleyale. Wa mizigo na kontena nawajibu mmoja mmoja, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Lakini anayekuja kukaa, apange chumba, apike na afue, huyo naona nimwandikie mara moja tu. Mimi ni mtu wa Tanga, huu mwaka wa saba niko hapa, na ninaishi mtaa wa watu wa kawaida, vituo vichache vya metro kutoka Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi.

Kabla hujapanda ndege, weka WeChat (ya ujumbe na malipo) na Alipay (ya malipo) kwenye simu, uziunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard. Usiseme utafanya ukifika. WeChat mara nyingine hudai mtu mwingine mwenye akaunti akuthibitishe, na usiku wa manane uwanja wa ndege unamjua nani? Malipo yasiyofika yuan 200 hayakatwi ada, lakini yakizidi hapo kadi ya nje hukatwa asilimia 3, kwa hiyo friji subiri ufungue akaunti ya benki ya hapahapa. Na mama yako mwekee WeChat kabla hujaondoka, umfundishe na kuitumia. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huku. Mimi nililisahau hilo, mama akakaa siku nne anaulizia kwa majirani kama kuna ndege iliyoanguka.

Sisi tuliozoea M-Pesa hatushangai kulipa kwa simu. Tofauti ni kwamba hapa hutumi kwa namba, unaskani, hadi kwa mzee anayechoma viazi vitamu kando ya barabara. Noti bado ni halali na duka haliruhusiwi kuzikataa, ila chenji ndiyo hawana. Tembea na yuan 200 za noti ndogondogo kwa siku simu itakapozima. Powabenki za kukodi zimejaa kwenye milango ya migahawa, lakini nazo zinakodiwa kwa kuskani. Basi kodi simu ikiwa na asilimia 10. Ikishafika sifuri utabaki unaiangalia ile powabenki kama paka anayeangalia bucha lililofungwa.

Chumba utatafutiwa na dalali, na ada yake ulizia mapema kama unavyoulizia Sinza. Mwenye nyumba wa Guangzhou mara nyingi hutaka amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo siku ya kwanza unatoa miezi mitatu. Piga picha kila ukuta na kila bomba siku unayoingia, umtumie kwenye WeChat siku hiyohiyo. Mimi amana yangu ya kwanza iliishia kwenye doa la ukutani nililolikuta. Na ukiambiwa ghorofa ya kwanza, ujue ni ile ya chini kabisa, unayoingilia. Kwenye lifti ukitafuta ya 4 au ya 14 usiione, hujakosea nyumba. Neno la nne linasikika karibu sawa na neno la kufa, na wajenzi wengi huiruka.

Sasa polisi. Ukilala hoteli, hoteli inakuandikisha. Ukilala nyumba ya mtu au uliyopanga, unatakiwa ujiandikishe ndani ya saa 24 katika kituo cha mtaa, na ukihama unajiandikisha upya. Nenda na pasipoti, mkataba wa nyumba, na nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba. Usiende mchana kati ya saa sita na saa nane, maana huo ni muda wa kula na kulala, na wanalala kweli, kichwa mezani, koti begani. Sheria inaruhusu faini ya hadi yuan 2,000 kwa asiyejiandikisha. Mimi nilichelewa siku tatu, nikapewa onyo na kazi ya kueleza kwa Kichina nisichokijua nilikuwa wapi. Karatasi watakayokupa itunze pamoja na pasipoti, utaombwa tena wakati wa viza. Pasipoti yenyewe tembea nayo, askari ana haki ya kuiomba.

Aliyenionyesha kituo hicho kilipo ni mlinzi wa getini kwetu, na ndiyo maana nasema anza naye. Yeye anajua bomba la gesi linafungwa wapi, fundi yupi hadanganyi, na vifurushi vyako vimepelekwa duka gani. Vifurushi haviletwi mlangoni siku zote. Unatumiwa namba, tuseme 3-2-1007, unakwenda rafu ya 3, safu ya 2, unajitafutia mwenyewe. Mlinzi muite *shifu*, kama unavyomwita mtu “fundi” kwa heshima. Dereva wa teksi na anayekarabati viatu ni *shifu* vilevile. Mama wa makamo ni *ayi*, yaani mama mdogo. Mwenye duka ni *laoban*. Ukianza na maneno hayo matatu, hata Kichina chako kikiwa kibovu watakuvumilia. Mimi nilimpelekea mlinzi maandazi. Alikula moja, akalichungulia ndani, akauliza nimesahau kuweka nini.

Sokoni ndipo utakapojifunza mji. Bei iliyoandikwa si ya kilo, ni ya *jin*, ambayo ni gramu 500. Chukulia kama ratili ya bibi zetu. Wiki ya kwanza nilimwona *ayi* mmoja mwizi, kumbe mimi ndiye nilikuwa nadhani nimenunua kilo mbili za nyanya. Hesabu wanaionyesha kwa mkono mmoja: kidole gumba na cha mwisho vikiwa vimenyooka ni sita, gumba na cha shahada ni nane. Nane hiyo utaiona kama bastola, usiogope. Mchicha upo, wanauita *xiancai*, na ule mwekundu hutoa mchuzi wa zambarau unaotia doa kwenye nguo. Bamia zipo pia. Unga mweupe wa sembe kautafute kwenye maduka ya Waafrika pale Xiaobei. Ukimaliza kununua, usiondoke haraka. Simama kidogo, *ayi* atakutupia majani mawili matatu ya kitunguu kwenye mfuko. Ni nyongeza, na anayerudi kwake kila siku hupata hadi giligilani.

Utasikia watu wakisema *neige, neige* wakikutazama, na Mmarekani mmoja niliyekuwa naye karibu aanzishe ugomvi. Alidhani ni lile tusi la Kiingereza kwa watu weusi, maana yanasikika karibu sawa. Si tusi. Ni “nanihii” yao, mtu anatafuta neno.

Kwa Muislamu, tafuta maandishi 清真, yaani halali, yapo mlangoni kwa wauza tambi za kuvutwa kwa mkono karibu kila mtaa. Ijumaa wengi wetu tunaswali msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo wenyeji husema ni la Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana mashaka yao. Nje kunakuwa na nyama za kuchoma na salamu za Kiswahili, na hapo ndipo nilipopata fundi wa kusuka nywele.

Ukialikwa chai ya asubuhi, usishangae wenyeji wakiosha vikombe na vijiti kwa chai ya moto hapo mezani, nawe oshea. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo ahsante yake.

La mwisho ni *huinantian*, na hakuna aliyenionya. Kati ya mwezi wa pili na wa nne upepo wenye unyevunyevu kutoka kusini unakutana na kuta zilizobaki na baridi, na nyumba inatoa jasho. Vioo vinalia, sakafu inateleza, taulo halikauki wiki nzima. Akili ya mtu wa pwani inakuambia fungua madirisha hewa ipite. Usifungue! Funga yote, hasa ya upande wa kusini, washa kiyoyozi kwenye alama ya tone la maji, sukari na chumvi vitie kwenye chupa zenye vifuniko. Viatu vya ngozi vifute, vifunge kwenye mfuko na gazeti kavu ndani. Vyangu vya harusi ya dada nilivitoa kabatini mwezi wa tano, vimeota manyoya ya kijani.