SOMO: Kuvua sangara kwa nyavu za makila bila kuchomewa nyavu (Ziwa Victoria, upande wa Tanzania)

Wakuu, habari za kazi.

Kila wiki nikifungua PM nakuta swali lilelile: "Kaka, nataka kuingia kwenye sangara, nianzie wapi nisije nikachomewa nyavu?" Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu. Naandika mara moja hapa. Ukiniuliza tena nakutumia linki tu, usinune.

Somo hili ni la nyavu za makila (zile zinazotegwa zikasimama majini, samaki ananasa kwenye macho yake), sangara, na maji ya upande wetu. Waganda na Wakenya wana taratibu zao. Sisi msingi wetu ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za 2009. Kanuni hizo zimeshafanyiwa marekebisho, kwa hiyo kabla hujatoa hela dukani pita kwa afisa uvuvi umuulize kilichobadilika. Kuuliza ni bure.

HATUA YA 1. Jiandikishe BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ya mwalo wako, yaani pale unaposhushia samaki.

HATUA YA 2. Sajili mtumbwi, ukate leseni. Chombo cha chini ya mita 11 kinamalizana na halmashauri. Leseni ya chombo ni kitu kimoja, leseni ya mvuvi ni kingine. Namba ya usajili ichorwe ubavuni isomeke, si mpaka mtu ainame na tochi.

HATUA YA 3. Nunua nyavu, NA UPIME MWENYEWE.

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa pili nilinunua vipande 40, kila kimoja kina lebo ya inchi 6. Duka silitaji. Sikupima hata kimoja. Tukavika kamba (kushona nyavu kwenye kamba zake) wiki nzima na vijana, tukatega siku tisa. Ya kumi doria ikatukuta tunavuta. Afisa akatoa rula, akanyoosha jicho (tundu la wavu) la kwanza, la pili, la tano. Inchi tano na nusu. Mengine tano na robo. Nikamwonyesha lebo na risiti. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mzee, rula haisomi lebo." Vipande vyote 40 viliishia motoni pale mwaloni. Moshi wa nailoni ambayo umeilipia mwenyewe una harufu yake.

Sasa fanya hivi. Loweka kipande usiku mmoja, maana nailoni iliyosokotwa huweza kujivuta ikilowa. Asubuhi hesabu macho 10 yaliyofuatana, yanyooshe mpaka kila jicho lifumbe, kisha pima kwa futi ya fundi. Unatakiwa upate sentimita 152 na kuendelea. Ukipata 140, hiyo ni inchi tano na nusu, rudisha. Pima sehemu tatu za kila kipande. Usipime kile cha juu ya robota tu. Cha juu ndicho muuzaji alichokuwekea ukione.

Tahadhari nyingine mbili palepale dukani:
- Timba usiguse. Ule uzi mmoja unaong'aa kama wa mshipi umekatazwa, hata macho yawe makubwa kiasi gani. Kuwa nazo tu nyumbani ni kesi.
- Kwenda chini, Kanuni za 2009 zinataja macho 26. Kuna wanaounganisha wavu juu ya wavu wapate 52 au 78. Swali la kwanza la kumuuliza afisa uvuvi liwe hilo, na umuulize kabla hujashona.

HATUA YA 4. Vika kamba. Nusu kwa nusu: mita 100 za wavu ulionyooshwa, kamba mita 50. Macho 26 ya inchi 6 yakinyooshwa ni karibu mita 4, ila ukishavika hivi wavu unasimama kama mita 3 na nusu. Ukibana zaidi ya hapo unakuwa mfuko, unazongamanisha kila kiumbe.

HATUA YA 5. Tega mbali na mazalia, midomo ya mito na njia ya meli. Boya kila mwisho, jina au namba yako juu yake, na taa usiku. Jaketi za kuokolea ziwe za watu wote, si ya nahodha tu. Ukiona radi upande wa visiwani, nyavu ziache, utazirudia.

Na ukipoteza wavu, utafute. Wavu wa nailoni hauozi upesi. Unakaa kule chini unaua samaki ambao hakuna atakayewala.

HATUA YA 6. Vuta alfajiri, samaki aingie kwenye barafu papo hapo. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu, na walioumia ni pamoja na waliotega kihalali.

HATUA YA 7. Shusha kwenye mwalo wako, wapime, waandikwe. Sangara chini ya sentimita 50 hatakiwi. Usiuze katikati ya maji.

Maswali karibu, ila soma kwanza.

---

Kijana_wa_Busisi: Asante mkuu. Sasa nyavu ninunue za inchi ngapi?

Mzee wa Makila: Hatua ya 3.

Kijana_wa_Busisi: Nimeisoma mkuu, ila hujasema inchi ngapi.

Mzee wa Makila: Afisa alinichomea za tano na nusu zilizoandikwa sita. Macho 10 yawe sentimita 152. Gawanya.

Boss Mdogo: Timba za Uganda zinapatikana wapi kwa bei ya jumla?

Mzee wa Makila: Hapa si mahali pake.

Nyakaboja: Shikamoo mzee. Mimi ni mama, nina mtumbwi mmoja na vijana wanne, ila ziwani siingii. Leseni inakuwa ya nani? Na vijana wakikamatwa na nyavu mbovu nahusika vipi?

Mzee wa Makila: Marahaba mama, umeuliza la maana kuliko wote. Chombo ni chako, kwa hiyo usajili na leseni ya chombo vinakaa kwa jina lako. Kila kijana naye awe na leseni yake ya uvuvi. Wakikamatwa, atakayeitwa wa kwanza ni mwenye mali, maana namba ya ubavuni ni yako. Nyavu zipime wewe mwenyewe, uzihesabu, uziandike kwenye daftari, kisha kila vipande vitano funga uzi wa rangi yako kwenye kamba ya juu. Vijana hupenda kuchomekea kipande cha rafiki katikati ya nyavu za tajiri, na bila alama hutajua. Mgao nao muandikiane kabla ya kushusha mtumbwi: mafuta nani, barafu nani, wavu ukiibiwa nani.

Nyakaboja: Asante sana. La uzi sikuwa nalijua.

Mkerewe halisi: Kuna kitu sielewi. Natega inchi 6 halali, nimepima, lakini kila wiki napata sangara wawili watatu wa sentimita 42 hivi. Wananasaje?

Mzee wa Makila: Swali zuri. Jicho la inchi 6 likifunguka mzunguko wake ni inchi 12, yaani sentimita 30. Sangara ambaye mwili wake ni mwembamba kuliko hapo anapita. Mkubwa anaingiza kichwa, anakwama kwenye mashavu. Hao wadogo wako angalia wamenasaje. Kama ni mdomo, pezi au mfuniko wa shavu, wamezongwa tu, na hapo nashuku uvikaji wako. Kamba yako ni ngapi kwa wavu wa mita 100?

Mkerewe halisi: Mita 40.

Mzee wa Makila: Ndiyo hiyo. Wavu umelegea, unawafunga kama kapu. Vika upya kwa 50. Aliye hai mwachie mara moja, ila ujue sangara anayetoka kina kirefu bondo (mfuko wa hewa tumboni) hujaa hewa, wengi hawarudi chini. Kwa hiyo dawa iko kwenye kamba, si kwenye kuwatupa.

Sauti ya Mwalo: Maneno matamu haya. Mvuvi wa mtumbwi anachomewa nyavu, wenye hela wanavua kokoro (wavu wa kukokota) usiku hakuna anayewaona. Wewe unatumika.

Mzee wa Makila: Nimechomewa vipande 40, risiti ninayo mpaka leo. Kama kuna mtu ananitumia, basi anilipe. Kokoro linakomba mpaka mayai, na nimeshalisema kwenye kikao cha BMU mbele ya mwenye kokoro. Wewe umeshalisema wapi?

Sauti ya Mwalo: Sijasema sina uchungu mzee.

Mzee wa Makila: Haya. Njoo kikaoni.

Kigoma Mwisho wa Reli: Somo hili linatufaa na sisi wa Tanganyika?

Mzee wa Makila: Kupima macho, taa na jaketi, ndiyo. Mengine hapana. Nyie ziwa lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 lipumzike, sisi huku hatukufungiwa hivyo. Hata sangara wenu ni wa asili na ni wa aina nyingine. Huyu wetu aliletwa kuanzia miaka ya 1950. Muulize afisa wa huko.

Mkerewe halisi: Mzee, taa yangu ya boya kila ikifika saa nane usiku imezima. Unatumia ipi?

Mzee wa Makila: Ya sola ndogo, ile ya bustanini. Itoe kwenye mti wake, ifunge ndani ya chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kifuniko ukizibe kwa mpira wa tairi. Iangalie isielekee ukutani ukiianika mchana.

Kijana_wa_Busisi: Hiyo taa ni ya inchi ngapi?